Ramani za Shule ya Nyaramba

Idi mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, za dawa ya homa, za kutokula ovyo njiani, na za kuswali hata kama wenzako chumbani hawaswali. Hapo sina la kuongeza. Kesho asubuhi ukipanda basi la Kisumu kwenda kuunganisha safari ya Nairobi nitakuwa pale nimekushikia sanduku kama baba yeyote, na huenda nisiseme kitu, kwa sababu unanijua, nikikasirika mdomo wangu unakuwa mzito. Ndiyo maana naandika. Barua hii nimeitia ndani ya mkebe wa ramani, juu kabisa, ili huko Nairobi usiweze kutoa kazi yako kabla hujaisoma.

Nina hasira, Idi. Tuanzie hapo tusidanganyane.

Leo asubuhi uliniletea michoro yako ukaniambia, "Baba, nipangie hizi, nikiulizwa kwenye mtihani nisiwe natafutatafuta." Kisha ukaenda zako Kebirigo kuwaaga ndugu za bibi yako. Nilifurahi. Sikukuonyesha, lakini nilifurahi sana. Niliwaambia watu wa kitanda na kabati warudi kesho kutwa, nikafunga karakana, nikafuta vumbi la mbao juu ya meza, nikatandaza karatasi zako moja baada ya nyingine. Mvua ilikuwa bado haijaanza na mwanga ulikuwa mzuri.

Nikuambie ukweli, unachora kuliko mimi. Mistari yako mirefu haina kigugumizi. Herufi zako zimesimama sawasawa. Lakini mpangilio wako ni wa mtu anayetaka kusifiwa. Umeweka juu ile nyumba ya Gesima yenye baraza kwa sababu ni nzuri, ukafukia ramani ya kiwanja chini kabisa kwa sababu haina urembo. Mtahini atafungua mkebe, ataona baraza, atauliza nyumba imeelekea wapi, na wewe utaanza kupekua mbele yake huku jasho linakutoka. Hapo umeshajishusha kabla hajaona kazi.

Sikucheki. Mimi nilikosea zaidi yako. Mara ya kwanza nilipopanga za kwangu nilizipanga kifundi: msingi kwanza, halafu kuta, halafu lenta za juu ya milango na madirisha, kenchi za paa, na mabati mwisho. Nilidhani nimefanya la maana. Yule Kalasinga mzee aliyetufundisha kazi alizipitia, akatikisa ndevu, akaniambia habari za mtahini, "Rashidi, ile bwana hapana jenga. Ile natafuta. Wewe panga kwa mtu natafuta." Nimefanya kazi na wasomi wengi baada yake, hakuna aliyewahi kuniambia neno la maana kama lile.

Kwa hiyo nimekupangia hivi. Mbele kabisa kuna orodha, kila karatasi na namba yake na kilichomo. Inafuata ramani ya kiwanja, halafu ramani ya vyumba, halafu nyuso nne za nyumba, halafu mikato inayoonyesha nyumba kama imepasuliwa, na mwisho vile vipande vidogo vya milango, ngazi na maungio. Pale ulipoikata nyumba kwa mstari, nimeandika kwa penseli pembeni mwa mstari namba ya karatasi ambako mkato wenyewe umechorwa. Wewe utapitia kwa wino. Ukifika huko tafuta mtu asiyejua ramani hata kidogo, akuulize maswali ya kijinga. Maji ya mvua yanapita wapi? Mgonjwa akibebwa kwa machela anaingilia wapi? Kila swali uweke kidole mahali pake bila kupekua karatasi tatu. Ukipekua, panga upya. Mimi nilimwambia mama yako aniulize hivyo wakati ule, akiwa amekubeba mgongoni, naye alikuwa na maswali ya kunikera kweli.

Mpaka hapo nilikuwa nakuandalia kazi kwa moyo mweupe. Ndipo nikafika kwenye furushi la mwisho, lile ulilolifunga kwa kamba ya katani.

Nilifungua nikaona shule ya Nyaramba. Madarasa mawili, ofisi ya mwalimu katikati, baraza upande wa mbele. Umeinakili yote, karatasi baada ya karatasi, na chini ya ile ya kwanza umeandika kwa penseli, kwa herufi ndogo ndogo, "Kutoka kwa kazi ya Bwana Musa Salimu." Ndani yake kulikuwa na barua ya huyo baba yako mdogo. Niliisoma. Haikuwa yangu na niliisoma, unaweza kunilaumu. Anakuambia hizi ndizo zilizompitisha yeye, ofisi ilimrudishia, kwa hiyo uzinakili vizuri, ufute jina lake, uziwasilishe kama zako, nawe utapita kama alivyopita. Anakuambia chumba chako kipo tayari nyumbani kwake. Halafu anasema, "Baba yako usimwambie kwanza, si unamjua alivyo."

Nawe hukuniambia. Umekula nami sahani moja miezi yote hii, ukiniuliza habari za wino na za penseli, nami nikakuamini kwamba unakwenda kulala kwa rafiki zako wa shuleni kule Pumwani.

Nilikaa chini, Idi. Nilikaa kwenye kile kigoda cha kunolea misumeno, mvua ikaanza, na sikuinuka hata kuondoa mbao zilizokuwa nje zinalowa. Kwa sababu shule ile niliichora mimi. Kila mstari. Musa hakuchora hata mlango.

Soma polepole, maana jambo hili hujawahi kulisikia na makosa ya kutolisikia ni yangu.

Ilikuwa kabla ya vita vikuu vya pili, wewe ukiwa mchanga. Mimi na Musa tulikuwa tunafanya kazi kwa yule Kalasinga, tukijenga maduka hapa mjini na kule sokoni Kebirigo. Cheti cha kuchora ramani za majengo kilikuwa kile kile unachokifuata wewe. Bila cheti unaweza kuchora mpaka macho yatoke, lakini ofisi haipokei ramani mpaka mwenye cheti atie sahihi yake, na aliyetia sahihi ndiye aliyechora, basi. Tulijiandikisha wote wawili. Kila mmoja alitakiwa kupeleka furushi la michoro ya jengo zima Kisumu, halafu aitwe kuulizwa.

Mimi nilichagua shule ya Nyaramba kwa sababu tulikuwa tunaijenga. Nilikwenda kule kwa baiskeli, nikipanda milima kwa miguu na kuteremka bila breki, nikapima kila ukuta kwa mkono wangu. Nilichora karatasi kumi na nne. Musa alichagua duka moja, akachora karatasi tano, akachoka. Musa ni mtu wa maneno matamu, tangu utoto. Alikuwa akija mezani kwangu anasema, "Kaka, wewe Mungu amekupa mkono," na mimi, mpumbavu, navimba kichwa.

Sasa sikia kosa langu. Kwenye kila karatasi, pembe ya chini kulia, kuna kile kisanduku cha jina la mchoraji. Kalasinga alitufundisha kwamba jina haliandikwi mpaka jengo limeezekwa. Aliona ni kiburi, na ni kuliletea jengo mkosi. Yeye mwenyewe hata kwenye kabati aliandika jina lake nyuma, siku ya kulitoa tu. Shule ilikuwa bado haijaezekwa. Kwa hiyo karatasi zangu zote kumi na nne zilikuwa na visanduku vitupu, nami nilijivunia kuviacha vitupu.

Zikiwa zimebaki siku chache kuzipeleka, akaja mtu kutoka Kebirigo kusema mama yetu, bibi yako, ameanguka shambani na hasemi. Mimi ndiye mkubwa. Nikamwambia Musa, "Chukua za kwangu pamoja na zako, upeleke Kisumu. Andika jina langu kwenye visanduku, wewe una mwandiko mzuri." Akanishika bega akasema, "Nenda kamwone mama, kaka. Hizi ziachie mimi."

Bibi yako alipona, ila mkono mmoja ulibaki umelala. Mimi nikangoja kuitwa. Musa aliitwa, mimi sikuitwa. Aliniambia labda za kwangu zilichelewa, labda zimepotea ofisini, atafuatilia. Alipopata cheti nilichinja mbuzi, Idi. Nilimchinjia mbuzi.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Kisumu mwenyewe kuulizia michoro yangu. Karani mmoja mpole alitafuta sana jina langu kwenye kitabu chake, hakuliona. Nikamwelezea ni shule, madarasa mawili na ofisi katikati. Akasema, "Ahaa, hiyo ipo," akavuta furushi kutoka rafu ya waliopita, akanifungulia juu ya meza. Mistari ilikuwa yangu. Hata doa la chai lilikuwa langu. Na pembe ya chini kulia, mara kumi na nne, kwa ule mwandiko mzuri, Musa Salimu. Karani aliniuliza kama ndiyo hiyo. Nikamwambia siyo, nimekosea.

Unaniuliza kwa nini. Hata mama yako aliniuliza siku ile ile niliporudi. Niliona nikisema pale, ndugu yangu atafungwa, na mama yetu ndiyo kwanza anaanza kutembea na fimbo. Nilidhani nitayamaliza nyumbani.

Nilirudi moja kwa moja Kebirigo na Musa nikamwita. Hakukana. Alilia, akasema alijua zake hazitapita, akasema mimi ningeweza kuchora nyingine na yeye hangeweza. Nilimpiga, na sijutii. Bibi yako alitoka jikoni akasimama katikati yetu na ile fimbo yake. Kesho yake aliwaita wajomba, akasonga ugali wa wimbi kwa mkono wake ule mzima, akatukalisha sote wawili mbele ya sahani moja, akasema kwa Kigusii tule. Wewe unazijua desturi za upande wa bibi yako. Ndugu wakishaletwa kula hivyo, neno lile limezikwa, na atakayelifukua ndiye mwenye kosa. Nilikula. Tangu siku ile sikulitamka mpaka leo. Bibi yako hayupo tena kunisikia. Kama kuna dhambi katika kulifukua, nimeibeba mimi, wewe soma tu.

Ningekuwa nimenyamaza tu, ingekuwa nafuu. Lakini nilifanya zaidi. Ulipokuwa mdogo ukiuliza kwa nini baba mdogo ana cheti na gari na ofisi Nairobi, na mimi natengeneza vitanda, nilikuambia yeye ana akili ya vitabu. Ulipoanguka hesabu nilikuambia kwa mdomo wangu, "Mwige baba yako mdogo." Nilikuwa nalinda amani ya watu wawili kwa kukufundisha uongo wewe wa tatu. Leo umemwiga, na mimi nashangaa nini?

Jambo jingine ni hili, nalo linaniuma kuliko lile la Musa. Nafasi ya mtihani ilirudi kila mwaka. Kalasinga alinisihi kabla hajarudi kwao. Mama yako alinisihi. Nilisema sitachora tena ili niibiwe. Nikaendelea kuchora, lakini kwa sahihi za watu wengine: maduka ya Kebirigo, nyumba za Gesima, ile zahanati unayoipenda. Nilijiona naonewa, na kuonewa kulinipendeza, kwa sababu mtu anayeonewa haulizwi mbona hajajaribu. Musa alichukua karatasi kumi na nne. Miaka yote iliyofuata nilijinyima mwenyewe. Nakuambia haya si ili unihurumie. Huko uendako kuna watu watakaokukosea, na kuna siku utaona raha kukaa ndani ya kosa lao. Inuka mapema kuliko nilivyoinuka mimi.

Sasa kazi yenyewe, maana mtihani haungoji sisi tumalize ugomvi.

Zile karatasi za Nyaramba zitakuangusha. Fungua namba ya pili, ramani ya vyumba, uhesabu madirisha kwenye ukuta wa nyuma wa darasa la kushoto. Ni matatu. Halafu fungua namba ya sita, uso wa nyuma. Ni manne. Umenakili yote mawili kwa mkono wako na hukuona. Musa ameishi nazo miaka yote hii na hakuona. Mtahini wake hakuona, au aliona akachoka. Huwezi kukaa ukiomba na wako awe amechoka.

Nitakueleza dirisha la nne lilitoka wapi. Ukuta ulipofika kimo cha kizingiti cha chini cha madirisha nilikwenda kupima. Mwalimu wa pale alinipeleka kwenye pembe ya nyuma ya darasa hilo, akamkalisha mtoto chini na kitabu. Akaniambia, "Fundi, angalia. Huyu hapa tukishaezeka, mvua ikiwa nje, hasomi kitu kwa giza." Na Nyaramba mvua iko nje kila siku baada ya chakula cha mchana. Niliongeza dirisha. Jioni ile nilibadilisha uso wa nyuma, nikajiambia ramani ya vyumba nitaibadilisha kesho. Kesho yake ndipo alipokuja yule mtu kutoka Kebirigo.

Kwa hiyo ukibadilisha kitu kwenye karatasi moja, usiinue kalamu kwenda kula kabla hujaandika kwenye orodha ni karatasi zipi nyingine zinazokigusa kitu hicho. Dirisha moja linagusa ramani, uso, mkato, jedwali la milango na madirisha, na ile karatasi ya lenta. Furushi zima ni nyumba moja, na mtahini mzuri anafanya kazi moja tu, kutafuta pale nyumba inapojisuta. Na ukimkuta mtahini kama huyo, atakuuliza kwa nini ni manne huku na ni matatu kule. Aliyechora ana jibu. Aliyenakili atamung'unya maneno.

Ukifika kwa baba yako mdogo, muulize yeye swali hilo. Usimwambie nimekutuma. Muulize kwa adabu, "Baba, dirisha hili la nne uliliongeza kwa nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Hutahitaji kuchagua ni nani kati yetu wa kuamini.

Nilifikiria kulichoma lile furushi. Jiko lilikuwa linawaka, mama yako anachemsha maji, na nililishika mkononi. Nimelirudisha kwenye mkebe, chini kabisa, na kamba yake ile ile. Wewe ni mtu mzima. Sitaki uwasilishe kazi nzuri kwa sababu tu baba yako amekunyang'anya ile mbaya. Juu yake kuna karatasi zako kumi na moja, ulizochora wewe, za nyumba uliyopima wewe. Hazitoshi. Zinahitaji mikato miwili na ramani ya paa, na una wiki sita. Zinawezekana. Nimekuandikia upande wa nyuma wa orodha kinachokosekana na wapi kiingie.

Umenisaliti, Idi. Najua neno hilo ni zito na nimelizunguka tangu alasiri nikitafuta jepesi. Musa nilishamzoea. Kwako sikutegemea. Labda hukujua ulichokuwa unakificha, lakini ulijua unaficha, na ulijua unamficha nani. Litachukua muda kunitoka, na sitajifanya limetoka kesho asubuhi kituoni mbele ya watu.

Kufikia kwake, fikia. Ni baba yako mdogo, atakulisha vizuri, na mkewe ni mtu mwema. Kuhusu mtihani nakuambia hili moja, na baada yake sitalirudia. Ukirudi na cheti cha karatasi zako, nitakipeleka msikitini, nitakipeleka sokoni, nitakionyesha mpaka kwa watu wasiojua kusoma. Ukirudi na cheti cha zile za Nyaramba, mlango utafunguliwa, utapewa maji ya kuoga, utakula, utalala kitandani kwako, na mimi sitaomba kukiona.

Baba yako,
Rashidi